Mahindi ya ng'ombe: yawe mengi, yasimame, yalike



Bila shaka umewahi kuliona jambo hili. Mahindi yako yamestawi vizuri na yamekupita urefu. Umeyapalilia mara mbili, umeyatia mbolea, na kila anayepita njiani anayasifu. Jioni moja inakuja mvua kubwa yenye upepo. Asubuhi unakwenda shambani unakuta mistari mitano imelala chini. Mabua mengine yamekatika katikati. Mengine yameng'oka na mizizi yake. Mahindi yenyewe yapo kwenye tope, na mchwa wameanza kuyatafuta.

Hasara hiyo unaijua. Lakini je, kama mahindi hayo uliyapanda kwa ajili ya ng'ombe wako wa maziwa? Pengine utasema, "Hakuna neno, ng'ombe hachagui, nitamkatia hivyo hivyo." Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza nawe leo.

Mahindi ya ng'ombe hukatwa yakiwa bado na ubichi. Hukatwa mmea mzima: bua, majani na hindi lake. Kisha hukatwakatwa vipande vidogo, hushindiliwa shimoni na kufunikwa kabisa ili hewa isiingie. Yanavundika humo kama ndizi zinavyovundikwa, ila haya yanakuwa na uchachu. Malisho hayo huitwa saileji. Saileji nzuri hukaa miezi mingi bila kuoza. Wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka na maziwa yamepungua, mfugaji hufungua shimo na kumlisha ng'ombe wake.

UGALI AU MAZIWA?

Tuanze na swali gumu. Kwetu mahindi ni ugali. Mtu akikuambia ufyeke mahindi kabla hayajakauka umpe ng'ombe, utamwona kama mtu asiyejua njaa. Na huna kosa.

Basi tufanye hesabu pamoja. Tuseme una ng'ombe mmoja wa maziwa, nawe unataka kumpa kilo 20 za saileji kila siku kwa siku 100 za kiangazi. Hizo ni kilo 2,000, yaani tani 2. Tuseme tena kwamba shamba lako likitunzwa vizuri linatoa tani 10 za mmea mbichi kwa ekari. Robo ekari itatoa kilo 2,500. Zile kilo 500 za ziada ni za kufidia zitakazoharibika. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anahitaji kama robo ekari. Ukiiacha robo ekari hiyo ikauke, huenda ungepata magunia manne ya nafaka.

Magunia manne kwa upande mmoja. Maziwa ya siku 100 za kiangazi, wakati maziwa ni haba na bei yake imepanda, kwa upande wa pili. Wewe ndiye unayejua nyumba yako ina watu wangapi. Sisi tunasema hivi: kama chakula cha watoto hakitoshi mpaka mavuno yajayo, usikate hata mmea mmoja. Lakini kama chakula kinatosha, robo ekari hiyo inastahili kufikiriwa. Na ukiamua kuitoa, isiwe ya kubahatisha. Ipande mbegu inayofaa.

MBEGU INAYOFAA NI IPI?

Watu wengi hujibu haraka: "Iliyo ndefu kuliko zote." Jibu hilo si sahihi. Mmea mrefu sana wenye hindi dogo ni maji mengi na miti mingi. Nguvu kubwa anayoipata ng'ombe katika saileji ya mahindi hutoka kwenye punje, kwa sababu humo ndimo mna wanga. Mahindi mazuri yakifikia wakati wa kukatwa, karibu nusu ya uzito wake, ukiondoa maji, huwa katika hindi. Nusu nyingine ni bua na majani.

Kwa hiyo watafiti wa mbegu hutazama mambo matatu. Kwanza mazao: mmea utoe hindi kubwa pamoja na bua na majani ya kutosha. Pili kusimama: usianguke kabla ya kukatwa. Tatu ulaini: bua na majani yawe ya kuyeyushika tumboni mwa ng'ombe, asiyale bure.

Taabu ni kwamba mambo haya matatu hayapatani. Ni kama wake wenza. Ukiongeza uzito wa hindi, bua linaelemewa. Ukiliimarisha bua lisianguke, linakuwa gumu kama mti, na ng'ombe analipitisha tu tumboni. Ukililainisha, ng'ombe anafurahi, lakini upepo nao unafurahi. Kazi yote ya mtafiti wa mahindi ya saileji ni kuwapatanisha hao watatu.

KAZI ILIYOANZIA KITALE

Tutazame kwanza habari ya mazao. Mwaka 1955 mtaalamu mmoja, Michael Harrison, alianza kazi ya kutafuta mbegu bora za mahindi huko Kitale, nchini Kenya. Wakati ule wakulima wa nyanda za juu walikuwa na mahindi yao waliyoyazoea. Wataalamu wakayachambua wakapata mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Kisha wakaleta mahindi kutoka milima ya nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Mahindi hayo yaliitwa Ecuador 573. Walipoyachanganya hayo mawili, watoto wakawashinda wazazi wote wawili. Mwaka 1964 mbegu hiyo ikatolewa kwa wakulima kwa jina la H611. Wadogo zake, kama H614, walienea sana Kenya na kufika hata nyanda zetu za juu.

Pengine umesikia mbegu ya namna hii ikiitwa chotara. Inapatikanaje? Mhindi una ua la kiume juu, ndilo mbelewele. Una ua la kike pale penye hindi, na ndevu zake ndizo zinazopokea vumbi la mbelewele. Kila uzi wa ndevu ukipokea vumbi, punje moja inatungwa. Mtafiti huchagua mimea ya baba na mimea ya mama, akaipanda karibu karibu. Ile ya mama huikata mbelewele zake zote kabla hazijamwaga vumbi. Basi mama hana njia ila kupokea vumbi la baba aliyechaguliwa. Punje zinazopatikana kwa mama ndiyo mbegu ya chotara.

Nguvu hiyo ya chotara ni ya kizazi kimoja. Ukihifadhi punje za mavuno yako ukazipanda mwaka wa pili, utaona mimea mingine mirefu, mingine mifupi, na mazao yamepungua. Kwa saileji hasara ni zaidi. Mimea haifikii wakati wa kukatwa kwa pamoja. Mingine imekauka na mingine bado inatoa maji.

MAHINDI MAFUPI YA MEXICO

Mahindi mengi ya zamani ya nchi za joto yalikuwa marefu kupita kiasi, na hindi lake lilikaa juu. Mtu anayebeba ndoo kichwani huanguka upesi kuliko anayeibeba mkononi. Mhindi nao ni vivyo hivyo.

Huko Mexico, nchi ambayo mahindi yote ya dunia yalianzia, kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kinachoitwa CIMMYT. Katika miaka ya 1960 watafiti wake walichukua mahindi ya aina ya Tuxpeño. Yalikuwa na urefu wa karibu sentimita 280. Wakachagua mimea mifupi iliyozaa vizuri, wakaichanganya yenyewe kwa yenyewe, wakapanda. Katika watoto wakachagua tena mifupi, wakapanda tena. Walifanya hivyo mara 15. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1986, mahindi yale yalikuwa na urefu wa karibu sentimita 180. Yaani yalikuwa yamepungua mita moja nzima.

Je, mazao yalipungua? La. Yaliongezeka. Mmea mfupi hauanguki ovyo, na mimea mingi zaidi inaweza kupandwa katika eneo moja bila kuzibana. Chakula ambacho zamani kilijenga bua refu, sasa kilikwenda kwenye hindi.

Hapa ndugu msomaji angalia jambo moja. Hawakutumia dawa wala mashine ya ajabu. Walitumia macho, rula, daftari, na uvumilivu wa miaka. Tutarudi kwenye jambo hili.

Kwa mahindi ya saileji, ufupi usipite kiasi, maana tunataka bua na majani pia. Lakini kusimama kuna faida mbili kwa mfugaji. Faida ya kwanza ni dhahiri: mmea uliosimama unakatwa wote. Faida ya pili watu huisahau. Mmea ulioanguka hubeba udongo. Udongo ukiingia shimoni unaingiza vijidudu vya kuozesha. Badala ya uchachu mzuri unapata harufu mbaya, na ng'ombe anageuza kichwa. Ndiyo maana hatukubaliani na yule anayesema ng'ombe hachagui. Mimea iliyolala kwenye tope mpe ng'ombe mibichi siku hiyo hiyo, baada ya kuikung'uta na kuiosha. Usiichanganye na ya shimoni.

NG'OMBE MWENYE DIRISHA

Sasa tufike kwenye ulaini. Jambo hili ndilo lililowasumbua watafiti kwa muda mrefu, kwa sababu halionekani kwa macho. Mabua mawili yanaweza kufanana kabisa, moja likampa ng'ombe nguvu na jingine likatoka kama lilivyoingia.

Wataalamu walipata njia ya kushangaza. Walimpasua ng'ombe ubavuni, kwa dawa ya ganzi na kwa usalama, wakamwekea kizibo kinachofungwa na kufunguliwa. Ng'ombe huyo anaendelea kula na kucheua kama wenzake. Mtafiti huchukua majani na mabua yaliyokaushwa na kusagwa, akayapima uzito, akayatia katika kifuko kidogo cha nailoni. Kifuko hupitishwa kwenye kizibo hadi tumbo kubwa la kwanza. Baada ya siku moja au mbili hukitoa, akakiosha, akakipima tena. Kilichopungua ndicho kilichoyeyuka. Kama mahindi haya yamebaki nusu na yale yamebaki robo, basi yale ndiyo bora.

Mwaka 1963, huko Hurley nchini Uingereza, wataalamu Tilley na Terry walieleza njia nyingine. Waliyachukua maji ya tumboni mwa mnyama wakayatia kwenye chupa pamoja na malisho, wakaiweka chupa katika joto la mwili. Kwa njia hiyo mtu anaweza kupima malisho mengi kwa mara moja. Tangu hapo mtafiti wa mbegu akaweza kuuliza juu ya kila mmea wake: huu ng'ombe ataupata au ataupoteza?

Kinacholizuia bua lisiyeyuke ni kitu kinachoitwa lignini. Ndicho kinachoutia mti ugumu. Mmea unavyozeeka, lignini huongezeka. Mwaka 1924, huko Minnesota nchini Marekani, ilionekana mimea ya mahindi ambayo mshipa wa katikati ya jani lake ulikuwa na rangi ya kahawia badala ya weupe. Baadaye iligundulika kwamba mimea ya namna hiyo ina lignini kidogo. Ng'ombe wakilishwa saileji yake hula zaidi na hutoa maziwa zaidi.

Unadhani wakulima wote wa Marekani waliikimbilia? Hapana. Mahindi hayo mara nyingi huzaa kidogo kuliko mengine na mabua yake huanguka kwa urahisi. Wale wake wenza wamerudi kugombana! Mbegu za namna hiyo zilianza kuuzwa kwa wafugaji katika miaka ya 1990, na mpaka leo mfugaji wa huko anayezichagua anajua anabadilisha kitu kwa kitu.

Ujerumani nako, nchi ya baridi, karibu hekta milioni 2 hupandwa mahindi ya kukatwa mazima. Mengine ni ya kuzalisha gesi, lakini mengi ni ya ng'ombe. Huko mbegu ya saileji hupimwa kwa mizani yake yenyewe, mbali na mbegu ya nafaka. Kwetu mbegu nyingi zilizopo madukani zilitafutwa kwa ajili ya nafaka. Kwa hiyo ukifika dukani usiulize tu, "Ipi inazaa magunia mengi?" Mwulize bwana shamba maswali mengine pia. Je, hindi lake linakaa chini au juu? Je, husimama katika upepo wa kwetu? Je, majani yake hubaki ya kijani wakati hindi linapokomaa? Mbegu ambayo majani yake hubaki ya kijani ni baraka kwa mwenye ng'ombe, kwa sababu hata ukivuna hindi la ugali, bado unapata majani yenye lishe.

WEWE NAWE NI MTAFITI

Tulisema tutarudi kwenye habari ya Mexico. Kama unapanda mbegu yako ya miaka yote, isiyo chotara, unaweza kuiboresha mwenyewe.

Wengi wetu huchagua mbegu darini au ghalani. Tunachukua mahindi makubwa makubwa. Kosa lipo hapo. Hindi kubwa lililo ghalani halikuambii lilitoka kwenye mmea wa namna gani. Huenda mmea wake ulikuwa umelala chini. Huenda lilikuwa kubwa kwa sababu lilikuwa peke yake ukingoni, karibu na zizi, penye samadi.

Chagua shambani, mimea ikiwa imesimama. Nenda kabla ya kuvuna, baada ya mvua za upepo kupita. Acha mistari ya pembeni. Tafuta mmea uliozungukwa na wenzake pande zote na bado umezaa vizuri. Bua liwe nene na limenyooka. Lisukume kidogo kwa mkono. Lisiyumbe kutoka mizizini. Hindi likae katikati ya mmea, lisikae juu kabisa. Pasua macho utazame matundu ya viwavi vya bua. Mmea uliotobolewa usiuchague. Majani ya chini yasiwe yamekauka mapema kwa ugonjwa. Ukiupata, ufunge kamba. Fanya hivyo kwa mimea 200 au zaidi. Usichague mmea mmoja au miwili tu, kwa sababu mahindi yakizaana ndugu kwa ndugu hudhoofika. Mahindi ya mimea hiyo yavune kwanza, yakaushe na kuyaweka mbali na mengine.

Mwaka wa kwanza hutaona tofauti kubwa. Miaka minne au mitano ukiendelea, jirani atakuja kukuomba mbegu.

Ulaini huwezi kuupima, huna ng'ombe mwenye dirisha. Lakini una hori. Kila asubuhi tazama kilichobaki. Kama ng'ombe amekula majani na punje akaacha vipande vya mabua, ama mbegu yako ni ngumu, ama ulichelewa kukata, ama vipande vilikuwa vikubwa. Mara nyingi ni kuchelewa.

SIKU YA KUKATA

Mbegu nzuri ikikatwa siku mbaya ni kazi bure. Ukikata mapema sana, maji yanavuja shimoni na wanga bado haujajaa. Ukichelewa, bua limekuwa kuni, na malisho makavu hayashindiliki. Hewa inabaki ndani na ukungu unaota.

Menya hindi, livunje katikati. Bonyeza punje kwa ukucha kuanzia juu kuelekea gunzi. Sehemu ya juu itakuwa ngumu na sehemu ya chini bado inatoa maziwa. Ugumu ukifika nusu ya punje au ukizidi kidogo, anza kukata. Wakati huo mmea mzima una maji kama kilo 65 hadi 70 katika kila kilo 100.

Vipande viwe vya sentimita 2 hivi. Kama huna mashine, panga litafanya kazi, lakini waite jirani zako, maana ni kazi ya kutwa. Tandika karatasi ya nailoni, mwaga tabaka nyembamba, kanyaga. Mwaga tena, kanyaga tena. Ukidhani umekanyaga vya kutosha, kanyaga tena. Jaza na ufunike siku hiyo hiyo ikiwezekana, kisha weka udongo juu ya nailoni na uchimbe mfereji wa kuzuia maji ya mvua. Baada ya wiki sita hivi unaweza kufungua. Saileji nzuri ina rangi ya kijani iliyokwenda kwenye njano, na harufu ya uchachu kama ya matunda. Iliyoota ukungu itupe, usimpe ng'ombe. Ukungu mwingine una sumu, na iko sumu inayopita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Kumbuka pia kwamba saileji ya mahindi ina nguvu nyingi lakini haina protini ya kutosha. Mwongezee ng'ombe mashudu, au majani ya lukina kama yapo kwako.

Na upande wa shamba, usiibebeshe mbegu lawama zote. Mimea ikibanana sana hurefuka kwa kutafuta mwanga, mabua yakawa membamba, yakalala. Mbolea ya kukuzia ikizidi nayo huleta mabua marefu malaini. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, inafaa mahali pengi. Mvua za kupanda zikikaribia, pima robo ekari yako kwa hatua, iweke kigingi kila pembe, na uandike katika daftari jina la mbegu na tarehe uliyopanda. Siku upepo utakapopita, hesabu mimea iliyolala, uiandike nayo.